Sabuni Inapokataa Kutoa Povu: Somo la Mikono ya Atomu



Tuliwahi kufundisha kikundi kimoja cha akina mama kutengeneza sabuni ya vipande. Lakini walipofulia maji ya kisima, povu lilikataa na nguo zikabaki na utando mweupe. Mweka hazina akashukiwa kwamba alipunguza mafuta ili abaki na pesa. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Kumbe mama wa watu hakuwa na kosa! Hebu tuone.

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, chembe ndogo mno. Ndani ya atomu kuna elektroni, zimepangwa duru kwa duru. Zile za duru ya nje huitwa elektroni za valensi, na ndizo hushughulika na jirani. Sodiamu ina elektroni 11: 2, 8, halafu 1 nje. Kalisiamu ina 20: 2, 8, 8, halafu 2 nje.

Valensi ni idadi ya elektroni ambazo atomu hutoa, hupokea au hushiriki na mwenzake. Tuiite mikono. Sodiamu hutoa 1, basi ina mkono mmoja. Kalisiamu hutoa 2, ina miwili. Lakini msichanganye: klorini ya chumvi ina elektroni 7 nje, na valensi yake pale ni 1, kwa sababu imepungukiwa na 1 tu kufikisha 8.

Sasa sabuni. Kila mkia wa mafuta umeshikwa na sodiamu moja. Majini sodiamu huuachilia, nao mkia huenda kung'oa uchafu. Lakini maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa hubeba kalisiamu. Hiyo hukamata mikia miwili kwa mikono yake miwili, wala haiachilii. Ule utando ndio huo.

Jaribuni hivi:

1. Tieni maji ya mvua katika chupa moja, ya kisima katika nyingine. Wekeni sabuni sawasawa, mtikise.

2. Katika ndoo ya maji ya kisima, koroga kijiko cha magadi. Yaache yatulie, kisha chota ya juu ufulie. Magadi yana kaboneti, ambayo hukamata kalisiamu na kuizamisha chini. Maji hayo si ya kunywa.

Wale akina mama walijaribu mkutanoni. Chupa ya mvua ilijaa povu, ya kisima ikabaki kimya. Mwenyekiti akasimama, akamwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote.

Ya kujadili: Maji yenu ni ya namna gani? Je, kuna mtu mliyemlaumu kabla ya kuchunguza?