Kichocho cha Matumbo: Wangapi Wanao, na kwa Ukali Gani?

Katika vijiji vya Ituri karibu na Ziwa Albert, kuna watu wanaoona damu katika mavi yao na kusema, "Ni kitu cha kawaida kwetu." Neno hili ni la hatari. Ugonjwa haugeuki kuwa afya kwa sababu umeingia katika kila nyumba.

1. Unatoka wapi?
Minyoo ya kichocho ina urefu wa karibu sentimeta 1. Inakaa ndani ya mishipa ya damu ya matumbo. Mnyoo jike mmoja aweza kutaga mayai hata 300 kwa siku. Mayai mengine hutoka pamoja na mavi. Yakifika majini yanapasuka, na watoto wa minyoo wanaingia ndani ya konokono wadogo. Baada ya majuma machache wanatoka kwa wingi na kupenya ngozi ya kila mtu aingiaye majini: mvuvi, mama afuaye nguo, mtoto aogeleaye.

2. Wangapi wanao?
Mwaka 2016 na 2017 watu wa vijiji vya Ituri walipimwa mavi. Katika vijiji vingine vya karibu na ziwa, zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa na kichocho. Wengi wao hawakulala kitandani. Walikuwa wakifanya kazi zao kama kawaida.

3. Ukali wake ni gani?
Kuhesabu wagonjwa hakutoshi. Yafaa kuhesabu mayai pia. Yakiwa chini ya 100 katika gramu 1 ya mavi, ugonjwa ni mwepesi. Kutoka 100 mpaka 399, ni wa katikati. Yakiwa 400 au zaidi, ni mzito. Mara nyingi watoto wakubwa wa shule ndio wenye mayai mengi kuliko wote.

Mayai yasiyotoka hukwama katika ini, nalo linakuwa gumu polepole. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mwisho mgonjwa aweza kutapika damu na kufa. Mambo haya huchukua miaka mingi. Basi usingoje tumbo livimbe ndipo uje hospitali.

4. Tufanye nini?
Dawa ipo, nayo ni praziquantel. Vidonge humezwa kwa siku moja, baada ya kula, kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi: mahali ambapo watu 10 au zaidi katika kila 100 wana kichocho, watu wote tangu umri wa miaka 2 wapewe dawa kila mwaka, wakubwa kwa wadogo. Mama mwenye mimba aipate baada ya miezi 3 ya kwanza.

Lakini dawa huua minyoo ya leo. Haizuii ya kesho. Kwa hiyo kila nyumba iwe na choo, mbali na maji. Maji ya kuoga yachemshwe, ama yachotwe na kuwekwa siku 2 katika chombo kisicho na konokono.

Maulizo
1. Kwa nini mtu asiyesikia maumivu apimwe?
2. Mtoto aliyemeza dawa aweza kupata kichocho tena kwa njia gani?
3. Katika kijiji chako, ni nyumba ngapi zisizo na choo?