Maji ya Bwawa la Kuogelea Yanapobadilika Rangi: Tambua Chanzo Kabla ya Kutia Dawa

Mwenye bwawa anapoamka na kuyakuta maji yake yamegeuka kijani, au yamekuwa na rangi ya chai ya rangi, aghalabu humtuma kijana dukani kununua klorini. Pengine dawa itafaa. Lakini ikiwa maji hayo yametoka katika kisima kirefu chenye madini ya chuma, klorini ileile itayafanya yazidi kuwa mekundu mbele ya macho yake, na fedha zitakuwa zimekwenda pamoja na maji. Kwa sababu hiyo somo hili linaanzia kwenye utambuzi, na dawa itafuata baadaye.

Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini yeye asiye na bwawa. Siku za sikukuu na za mahafali watoto wa mtaa mzima hualikwa kuogelea katika nyumba chache zenye mabwawa. Maji yaliyochafuka humficha mtoto aliyezama, na aliye chini ya maji hana muda wa kutafutwa kwa kupapasa. Basi kabla ya jambo lolote jingine, simama ukingoni upande wenye kina kirefu. Ikiwa huoni waziwazi kifuniko cha tundu la kutolea maji lililo sakafuni, bwawa lifungwe na asiingie mtu, hata kama wageni wamekwisha kufika na keki imekwisha kukatwa.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Chukua ndoo mbili nyeupe, uzijaze maji ya bwawa. Moja iache kama ilivyo. Katika ya pili tia kijiko kidogo cha klorini, ukoroge, kisha subiri saa kadhaa. Maji ya kijani yakififia na kuwa meupe au ya kijivu, chanzo ni mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoota majini. Maji ya rangi ya chai yakipungua rangi polepole, chanzo ni majani: mwembe au mkungu unaoinamia bwawa hutoa rangi hiyo majani yake yanapolowa. Lakini yakizidi kuiva na kuwa kama kutu, hapo una chuma. Yakielekea weusi, inaelekea ni manganizi, madini ambayo mara nyingi huambatana na chuma ardhini. Ile ndoo ya kwanza nayo ina kazi yake, kwa kuwa vumbi na udongo vitatuama chini yake ifikapo asubuhi, nayo rangi ya chuma kilichoyeyuka haitatuama.

Ipo hali moja inayowapotosha wengi. Maji yanakuwa ya kijani lakini ni maangavu, sakafu inaonekana vizuri, na ukipitisha kiganja ukutani hakuna utelezi. Huo si mwani. Kwa kawaida ni shaba, itokanayo na dawa ya kuua mwani yenye shaba au na mabomba yaliyoliwa na maji yenye asidi nyingi. Klorini haiiondoi. Na ikiwa ukuta una madoa ya kahawia, sugua doa moja kwa kidonge cha vitamini C. Likififia, ni doa la chuma.

Mwani ndio adui wa kawaida, na chanzo chake ni upungufu wa klorini. Jua letu la pwani huivunja klorini isiyo na kinga kwa kasi kubwa: iliyotiwa asubuhi, nyingi yake haipo ifikapo alasiri. Ndiyo maana dawa hutiwa jioni. Jambo la pili, ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ni kipimo cha pH. Kinatakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Kikiwa 7.5, takriban nusu ya klorini iliyomo majini iko katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. Kikipanda hadi 8, inabaki robo hivi au pungufu. Mtu anaweza kumimina ndoo nzima na asione tofauti. Vijaratiba vya kupimia havina gharama kubwa vikilinganishwa na dawa inayopotea bure.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bwawa lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25. Zidisha, utapata mita za ujazo 40, yaani lita 40,000. Ili kupata miligramu 10 za klorini kwa kila lita, kiwango kinachofaa kuanzia kwa maji ya kijani, unahitaji gramu 400 za klorini halisi. Unga mwingi unaouzwa una nguvu ya asilimia 65 hivi, kwa hiyo gawanya 400 kwa 0.65: utapima gramu 615. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye ndoo yako, kwa kuwa unga uliokaa muda mrefu katika unyevu hupungua nguvu.

Sugua kuta kwa brashi ngumu kwanza, maana mwani ulioshika ukutani hujikinga. Tia dawa jioni na uache pampu ifanye kazi usiku na mchana. Chujio la mchanga lioshwe kila mara saa ya mgandamizo inapopanda kwa nusu baa hivi juu ya kipimo cha chujio safi. Maji yatapita kutoka kijani hadi kijivu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Hiyo ni dalili njema, mwani uliokufa unasubiri kuchujwa. Pima klorini usiku na tena alfajiri kabla ya jua. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita gizani, mwani bado u hai, basi rudia. Watu wasiingie mpaka sakafu ionekane na klorini iwe imeshuka hadi kati ya miligramu 1 na 4.

Kwa maji ya chuma njia ni nyingine, na iliyo nafuu zaidi ni kuyazuia kabla hayajaingia bwawani. Chuma kikiwa chini ya ardhi huwa kimeyeyuka na hakionekani. Kikikutana na hewa hugeuka kutu. Pandisha maji ya kisima katika tangi, yaanguke kutoka juu kwa kurushwa ili yapate hewa, uyaache yatulie usiku kucha au zaidi, kisha uchote yaliyo juu na kumwaga tope la chini. Ikiwa bwawa limekwisha kujaa, tumia shabu. Jaribu kwanza katika ndoo, ukiongeza kidogo kidogo, uone ni kiasi gani kinachogandisha uchafu. Rekebisha pH, tia klorini, tia shabu iliyoyeyushwa, uzime pampu usiku mzima. Asubuhi nyonya tope la sakafuni taratibu na kulitoa nje moja kwa moja. Lisipitishwe katika chujio, kwa kuwa litaliziba.

Maji meupe yenye ukungu hayahitaji maelezo marefu: angalia chujio, kisha pH, ambayo ikipanda hutoa chokaa majini.

Kuhusu usalama wa dawa, unga wa klorini hutiwa ndani ya ndoo ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Asidi ya kushushia pH isikutane na klorini hata kwa kutumia kopo lilelile, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Aina mbili za klorini zisichanganywe. Stoo iwe kavu, yenye hewa na kufuli.

Wengine huona kazi hii ni ndefu wakaamua kumwaga maji yote. Wakati wa masika hilo ni hatari. Maji ya ardhini katika maeneo yetu ya tambarare hupanda karibu na uso wa nchi, na bwawa tupu huweza kuinuliwa kama mtumbwi au kupasuka sakafu. Kuliacha bila matunzo nako hakufai, maana lililogeuka kijani huwa zalio la mbu, na yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili.

Iwapo ni lazima kupunguza maji, acha kutia klorini, liache bwawa wazi juani siku mbili au zaidi, upime hadi klorini isomeke sifuri au karibu nayo, ndipo uyaelekeze katika kiwanja chako mwenyewe. Maji yenye dawa yasielekezwe bustanini kwa jirani, barabarani, wala kwenye mtaro uendao kwenye visima vifupi. Malalamiko ya namna hii hupelekwa kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji, naye humshirikisha Afisa Afya wa Kata.

Neno moja kwa wenye visima, wawe na bwawa au wasiwe nalo. Rangi ya kutu peke yake kwa kawaida ni kero ya ladha na ya nguo nyeupe. Lakini kisima ambacho siku zote kilikuwa na maji maangavu, kisha kikabadilika rangi au harufu ghafla baada ya mvua, huenda kimepokea maji ya juu au ya choo. Kwa maji hayo jaribio la ndoo halitoshi, maana vijidudu havionekani kwa macho. Acha kuyanywa bila kuyachemsha, angalia umbali wa choo kilicho karibu, kisha umwone Afisa Afya ili sampuli ichukuliwe katika chupa safi iliyotayarishwa kwa kazi hiyo.