Kabati la Vitabu na Kobe wa Kompyuta

Neno maktaba ni ndugu wa neno kitabu na neno katibu. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuandika. Basi maktaba ni mahali pa maandiko. Shule yaweza kuwa na maktaba hata kama haina chumba maalumu, maana kabati moja lenye vitabu vinavyosomwa ni maktaba. Bali chumba kizima chenye vitabu visivyofunguliwa ni ghala tu.

Siku hizi maktaba za shule zaweza kupata mali mpya za namna tatu. Ya kwanza ni vitabu vipya vya karatasi. Ya pili ni vitabu vilivyomo ndani ya kompyuta na vishikwambi. Kwa mfano, tangu mwaka 2014 mradi uitwao African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umetoa hadithi za watoto bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Wala shule isiyo na intaneti haikunyimwa mali hiyo, kwa kuwa hadithi zaweza kuchukuliwa mahali penye intaneti, kisha zikachapwa karatasini au kuwekwa katika kompyuta ya shule. Ya tatu ni ufundi wa kuiandikia kompyuta maagizo. Maagizo hayo yakipangwa kwa taratibu huitwa programu.

Katika somo hili tutatazama ile namna ya tatu, tuone jinsi inavyoihitaji namna ya kwanza.

Kobe wa sakafuni

Seymour Papert alizaliwa mwaka 1928 mjini Pretoria, Afrika Kusini. Alikuwa bingwa wa hesabu, akaenda kufanya kazi Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, miongoni mwao Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Baadaye kikatengenezwa chombo kidogo chenye magurudumu, kikaitwa kobe. Mtoto alikiamuru kwa kompyuta, nacho kikatambaa sakafuni, na kalamu yake ikaacha mstari nyuma. Kisha kobe akahamia katika kioo cha kompyuta, akawa anachora humo.

Mwaka 2007 chuo cha MIT, huko Marekani, kilitoa programu nyingine iitwayo Scratch. Humo mtoto huunganisha vipande vya maagizo, kama fundi apangavyo matofali. Nayo yaweza kutumiwa kwa Kiswahili, tena bila intaneti ikiisha kuwekwa katika kompyuta.

Mambo yaliyotupata darasani

Shule moja niliyofundisha ilipata kompyuta moja, ikawekwa karibu na kabati la vitabu. Wanafunzi walikuwa wengi, kwa hiyo tulianza kujifunza bila kuigusa. Mvulana mmoja alikuwa kobe. Msichana mmoja alikuwa mtoa amri. Sharti lilikuwa moja: kobe atatenda neno aliloambiwa, wala hatazidisha wala kupunguza.

Kwanza msichana alitaka mraba. Akasema, "Nenda mbele hatua 4, geuka kulia nyuzi 90, fanya hivyo mara 4." Kobe akaenda, akageuka, hata akarudi pale pale alipoanza. Wote wakapiga makofi.

Kisha akataka pembetatu yenye pande sawa. Akafikiri, "Kila pembe yake ni nyuzi 60." Akaamuru, "Nenda mbele hatua 4. Geuka kulia nyuzi 60. Fanya hivyo mara 3." Kobe akaenda, akageuka, akaenda tena, lakini badala ya kurudi alipoanza, akaishia mbali na pale, akagonga kabati la vitabu kwa bega. Darasa likacheka. Wengine wakasema kobe ni mjinga.

Nikawaambia, "Kobe hana kosa, ametii. Kosa limo katika amri. Mtalitafuta wapi?"

Msichana akafungua kabati, akatoa kitabu cha hesabu, akafika kwenye sura ya pembe. Ukurasa aliouhitaji haukuwamo! Ulikuwa umechanwa. Nikauliza nani aliyeuchana, pasiwe na wa kujibu. Kengele ikalia, tukatoka na pembetatu yetu haijafungwa.

Jioni yule mvulana aliyekuwa kobe akaja nyumbani kwangu. Akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Ukurasa ule niliuchana mimi, nikafungia karanga."

Nikamjibu, "Mwanangu, umefanya vema kulitaja kosa. Kosa lililofichwa halina dawa. Sasa tulirekebishe." Nikampa kitabu changu mwenyewe na karatasi safi, akaunakili ukurasa wote kwa mkono, neno kwa neno na mchoro kwa mchoro. Kesho yake akaubandika mahali pake.

Lakini katika kuunakili alikuwa ameuelewa. Akasimama mbele ya wenzake, akasema, "Nyuzi 60 ni pembe ya ndani. Kobe hageuki kwa pembe ya ndani, hugeuka kwa ile ya nje, nayo ni 180 kutoa 60, yaani 120. Tena, azungukaye umbo lote na kurudi alivyosimama amegeuka nyuzi 360. Pembetatu ina kona 3. Gawanya 360 kwa 3, utapata 120." Msichana akabadili amri yake. Kobe akazunguka, akafika alipoanza.

Ndipo tukaiwasha kompyuta.

Mwaka ule ule, mboga za shamba la shule zilipouzwa, wanafunzi waliulizwa fedha zitumiwe vipi. Wakachagua kununua nakala mbili mpya za kitabu kile cha hesabu. Nakala ya zamani haikutupwa. Hata ukurasa wake wa mkono ulisomwa kuliko kurasa nyingine zote.

Mafundisho

Kompyuta ni mtumishi mwepesi asiyechoka, lakini haijui unalotaka. Hujua uliloiamuru tu. Anayeiamuru hana budi kusoma, kupima na kuhesabu. Na programu ikikosea, usione haya wala usiifiche. Isome amri moja moja tangu mwanzo, uone ni wapi iliacha njia, uitengeneze. Hali kadhalika tunza kitabu, maana achanaye ukurasa leo huenda akamnyima mwenzake jibu la kesho, au akajinyima mwenyewe.

Maswali

1. Maktaba na ghala la vitabu hutofautianaje?
2. Kwa nini mwalimu alisema kobe hana kosa?
3. Mvulana alipata faida gani kwa kuunakili ukurasa?
4. Kobe anataka kuchora umbo lenye pande 6 zilizo sawa na pembe zilizo sawa. Ageuke nyuzi ngapi kila kona? Andika amri zake, kisha mwenzako awe kobe azijaribu uwanjani.
5. Tazama kabati la shule yenu. Taja kitabu kimoja kinachohitaji kutengenezwa, na useme wewe utafanya nini.