Kuacha Vidonge vya Wasiwasi bila Kuishiwa Njiani

Kuna kuacha dawa, na kuna kuishiwa dawa. Mtu wa Lituhi, kando ya ziwa mkoani Ruvuma, anaweza kujikuta mwezi umefika mwisho, nauli hakuna, zahanati imemwambia arudi wiki ijayo, na duka la jirani haliuzi vidonge vyake. Siku ya tatu kichwa kinazunguka, jasho linamtoka, usingizi hauji, na kila mlango ukibamizwa anaruka. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi. Huenda haujarudi kabisa: mwili umenyang'anywa ghafla kitu ulichokwisha kukizoea.

Mwongozo huu ni wa mwenye kutumia dawa hizo kwa ajili ya hofu na wasiwasi, na wa anayeishi naye. Daktari anabaki kuwa wa lazima. Haya yatakusaidia uende kwake ukijua la kuuliza.

Hatua ya kwanza: jua jina la unachomeza

"Kile cheupe cha usiku" hakimsaidii daktari wa Peramiho kama kadi yako ilifunguliwa Litembo. Dawa nyingi hutoka zikiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1×1 na basi. Mwombe mtoa dawa aandike jina na miligramu, kisha ipige picha bahasha pamoja na ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki. Daftari likilowa kwenye boti, picha itabaki.

Huenda ukakuta amitriptilini, ambayo ni ya siku nyingi na mara nyingi huwa kidonge cha miligramu 25, au fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20. Wengine hupewa sertralini au sitalopramu. Ukikuta diazepamu, ile ambayo watu huiita Valium, tambua kwamba si ya kundi moja na hizo. Aliyeimeza kila siku kwa wiki nyingi akiikata ghafla anaweza kupata degedege, kwa hiyo ina ratiba yake ya kupunguzwa, na ni daktari anayeipanga.

Hatua ya pili: amua kwa nini, halafu lini

Kwa kawaida hushauriwa kuendelea na dawa miezi 6 hadi 12 baada ya kupata nafuu kabla ya kufikiria kuacha. Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu waliokuwa wametumia dawa hizi kwa muda mrefu kwa ajili ya sonona na sasa wanajisikia vizuri. Kati ya kila 100 walioacha, 56 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya kila 100 walioendelea, 39. Sonona si sawasawa na wasiwasi, lakini hesabu hiyo inatosha kumjibu anayesema ukiacha umekwisha, na anayesema ukiendelea umesalimika.

Kuhusu lini: usianze msimu wa kuchuma kahawa, wakati usingizi ni mfupi na ugomvi wa fedha ni mrefu. Usianze wakati wa kulima mashimo ya ngoro, wala mwezi wa msiba au wa ada za shule. Tafuta wiki kadhaa tulivu. Na kabla ya kupunguza hata robo ya kidonge, hakikisha unazo dawa za kutosha kipindi chote cha kushuka. Ruvuma ndiko mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulikojaribiwa kwanza, mwaka 2003, na maduka hayo yameokoa safari nyingi, lakini yana orodha maalumu ya dawa yanazoruhusiwa kuuza. Uliza mapema, vinginevyo panga kuzichukua Mbinga mjini au Songea, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na ukisikia "kliniki ya afya ya akili" usiione hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mbele yako. Anayepunguza dawa ya wasiwasi huja, huongea, hurudi nyumbani.

Hatua ya tatu: shuka polepole, na mwishoni polepole zaidi

Huu ni mfano wa kumpelekea daktari. Usiufuate bila yeye. Aliye kwenye miligramu 75 za amitriptilini usiku anaweza kushuka hadi 50, akakaa hapo wiki mbili hadi nne, kisha 25, akakaa tena. Hapo wengi hukosea: wanaona imebaki moja tu, wanaitupa. Kutoka 75 hadi 50 ni miligramu 25, na kutoka 25 hadi sifuri ni zilezile 25, lakini ubongo hauzihesabu hivyo. Dozi ndogo ya mwanzo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo kuiondoa ndiko kunakouma. Mwaka 2019 watafiti wawili wa London, Mark Horowitz na David Taylor, walilieleza jambo hili kuhusu dawa za jamii ya fluoksetini na sertralini, na tangu hapo ushauri wa kushuka kwa vipande vidogo zaidi kuelekea mwisho umeenea. Uliza kama kidonge chako kinaweza kukatwa nusu, au kama ipo ya miligramu 10.

Kapsuli ya fluoksetini haikatwi, lakini dawa hiyo hukaa mwilini siku nyingi, hivyo daktari anaweza kukuambia umeze siku moja, upumzike moja. Usiihamishie mbinu hiyo kwenye amitriptilini au sertralini. Hizo hutoka haraka, na kuruka siku ni kuuachisha mwili kila baada ya siku moja.

Hali ikiwa mbaya, rudi kwenye dozi ya mwisho uliyokuwa vizuri nayo, umjulishe daktari, na mshuke taratibu zaidi.

Hatua ya nne: tofautisha vitu vitatu

Cha kwanza ni mwili kuikosa dawa. Huanza siku chache baada ya kupunguza, mara nyingi kwa mambo ambayo hukuwa nayo zamani: kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za ghafla, mshtuko unaopita kichwani kama umegusa waya wa umeme, ndoto kali mno. Ukirudisha dozi, hupungua upesi. Ndoto hizo zimewapeleka watu kwa waganga wakiamini wamerogwa. Anayetaka kuombewa aombewe, ila vidonge visitupwe ziwani.

Cha pili ni wasiwasi wenyewe kurudi. Huu huja taratibu, kwa wiki au miezi, na unautambua: hofu ileile, kukwepa watu kulekule. Huo ni wa kuujadili kliniki.

Cha tatu, ukishuka kutoka baridi ya Mbinga kuelekea Mbamba Bay au Liuli, ni malaria. Jasho, kutetemeka, kichwa, kichefuchefu: dalili zinafanana mno. Usikisie. Pima kwanza. Ukikutwa nayo, mwambie anayekupa dawa mseto kwamba unatumia amitriptilini, maana zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Shika kidaftari na uandike kila jioni mstari mmoja: dozi, usingizi, hofu kwa alama ya 0 hadi 10. Kitamsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

Hatua ya tano: kama unabadilisha dawa

Usianze mpya kwa dozi kamili huku ya zamani ikiendelea, kwa sababu fluoksetini huongeza kiasi cha amitriptilini kwenye damu. Ukiacha fluoksetini, kumbuka mabaki yake hukaa wiki kadhaa, hivyo daktari anaweza kukusubirisha. Katika kipindi hiki usimeze tramadoli ya jirani kwa ajili ya mgongo, maana ikichanganyika na dawa hizi inaweza kukudhuru. Ukipata homa, kutetemeka, misuli kukaza, kuharisha na kuchanganyikiwa kwa pamoja, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: kazi, kinywaji na nyumba

Kwa siku za kwanza za kila mshuko, mvuvi wa usipa asiingie ziwani usiku peke yake, na dereva wa bodaboda asibebe abiria akiwa na kizunguzungu. Pombe ya ulanzi itakulaza jioni na kukuamsha saa tisa usiku ukiwa na hofu maradufu. Kahawa nayo, hata ikiwa ya shambani kwako, iishie asubuhi.

Mchague mtu mmoja, mke, kaka au shangazi, umwambie tarehe za kushuka na dalili za kutazama. Huyo ndiye ashike ufunguo wa stoo yenye sumu za wadudu wa kahawa. Mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie usiku uleule. Asikuache peke yako, na mwende kituo cha afya bila kungoja kuche.

Baada ya kidonge cha mwisho, rudi kliniki ndani ya mwezi mmoja hata ukiwa mzima. Nenda na vidonge vilivyobaki uvirudishe. Amitriptilini chache tu zinaweza kumuua mtoto, na bahasha isiyo na jina huwa haikai juu ya kabati milele.