Somo: Kupanga Lebo Nyingi Kwenye Karatasi Moja

Wengi mmetuuliza jinsi ya kutengeneza lebo za chupa za asali bila pesa zote kuishia kwa mwenye kompyuta. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilipangiwa lebo 12 kwa kila karatasi, zimewekwa moja moja kwa mkono. Nambari ya simu ilipobadilika, 9 zilirekebishwa na 3 zikasahaulika. Wateja wakawa wanampigia mtu mwingine kabisa!

Anzeni na hesabu, kompyuta baadaye. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Acheni 5 kila upande, maana printa nyingi hazichapi hadi ukingoni. Zinabaki 200 kwa 287. Lebo ya 60 kwa 40 ikilazwa, zinaingia 3 kwa upana na safu 7 kwenda chini, yaani 21. Ikisimamishwa ni 5 kwa 4, yaani 20 tu. Basi ilazeni. Lebo 210 zitakula karatasi 10. Kwa mpango ule wa 12 zingekula 18.

Sasa kompyuta. Programu ya Inkscape ni ya bure. Choreni lebo moja tu, pamoja na unene wa mstari wake isizidi 60 kwa 40, mziunganishe sehemu zake ziwe kitu kimoja. Iwekeni pembeni juu kushoto, ndani ya ile nafasi mliyoacha. Kwenye menyu ya kuhariri tafuteni nakala pacha zinazopangwa kama vigae. Andikeni safu 7, lebo 3 kila safu, mchague mpango wa kawaida usiozungusha kitu. Mkibonyeza, zinajipanga zenyewe. Uzuri wake ni kwamba nakala hizi humfuata mama: mkibadilisha simu kwenye lebo ya kwanza, zote zinabadilika papo hapo. Lakini angalieni, nakala moja hulala juu ya mama. Ifuteni hiyo, la sivyo mtahangaika mkidhani mama hashikiki.

Wakati wa kuchapa, chagueni ukubwa wa asilimia 100, msikubali printa iamue yenyewe. Toeni karatasi moja kwanza, mpime lebo kwa rula. Ikisoma 58 badala ya 60, printa imepunguza. Rekebisheni kabla ya kuchapa zile 9 zilizobaki.