Shamba Lisiuzwe Kabla Mama Hajaulizwa

Leo nina ujumbe wa binti mmoja wa Kahama: "Dada, mama kakutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kaka mkubwa keshapata mteja wa shamba. Mama mwenyewe bado hajaambiwa. Nimechanganyikiwa."

Pole sana, mdogo wangu. Pole na kaka yako pia. Hana roho mbaya huyo, ana hofu, na mwenye hofu hutafuta jambo la kufanya upesi. Ila mteja asubiri kwanza. Shamba ni la mama na ugonjwa ni wa mama. Mtu mzima aliyewalea nyote hapangiwi mwili wake na mali yake kwenye kundi la WhatsApp ambalo hata hayumo.

Halafu mtamficha mpaka lini? Atapelekwa hospitali ya rufaa, atakaa benchi moja na kina mama wenzake wanaoutaja ugonjwa wao kwa jina. Atajua tu, na atajua kuwa mlimficha. Aambiwe na yule mwanawe anayemwamini zaidi, mchana, nyumbani, bila wageni. Akilia, mwacheni alie. Akitulia, muulizeni anataka mfanyeje.

Sasa tuje kwenye pesa. Kabla ya kuchangishana, nendeni kwa daktari na maswali yaliyoandikwa. Ugonjwa uko hatua ya ngapi? Matibabu ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu? Yatachukua muda gani? Kama mama ana bima, inalipa nini na nini hailipi? Bila majibu hayo, mtauza shamba bila kujua mnanunua nini.

Na msidhani gharama ni dawa tu. Mionzi ya saratani hii mara nyingi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki tano. Kila siku ni dakika chache kwenye mashine, kisha mgonjwa anarudi alikofikia. Kinachomaliza mfuko ni nauli, chumba na chakula cha mgonjwa na anayemuuguza. Kwa kuwa mko Kanda ya Ziwa, ulizeni kama rufaa inaweza kuwa Bugando, Mwanza, kabla hamjafikiria safari ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hali ikiwa ngumu, ingieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku za mwanzo kabisa, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Msingoje bili ipande ndipo mjieleze.

Michango ishikwe na mtu mmoja mwenye daftari. Aandike hadi vidogo: bajaji 4,000, uji na matunda 2,500. Jioni aupige picha ukurasa, autume kundini. Ndugu wengi hawagombani kwa sababu pesa ni chache, wanagombana kwa sababu hawajui zimekwenda wapi.

Nawe unayemwogesha mama na kuamka naye usiku, usikubali kuambiwa hujachangia kitu. Anayetuma laki moja kutoka mjini katoa, na anayefua mashuka katoa. Dai zamu. Kuwa binti ambaye hajaolewa hakukufanyi muuguzi wa ukoo mzima.

Daktari akisema lengo sasa ni kumpunguzia maumivu, ulizeni kuhusu tiba shufaa na morfini ya maji. Ikitumiwa kwa maelekezo, si sumu, na si dalili kwamba mmekata tamaa. Inampa mama usingizi na nguvu ya kuongea na wajukuu. Hapo pengine mwenyewe atasema shamba libaki. Au atasema liuzwe, na neno lake litoshe. Jihadharini tu na "mtaalamu" anayeahidi kumaliza saratani kwa chupa tatu za dawa. Akisikia shamba limeuzwa, huyo ndiye wa kwanza kupiga hodi.

Kwa hiyo leo mpigie kaka, usimtumie meseji. Shamba liache kwanza. Muulize yeye mwenyewe analalaje siku hizi tangu majibu yatoke. Mkishasikilizana ninyi wawili, nendeni kwa mama pamoja.