Mavuno ya Mahindi Nchini: Jinsi ya Kusoma Takwimu za Miaka 60

Kila mwaka takwimu za mahindi zinapotolewa, swali la kwanza mitaani na sokoni huwa moja: magunia yamepanda au yameshuka? Ni swali zuri, lakini jibu lake halitoshi. Kwa mkulima wa Trans Nzoia, kaunti inayotajwa miongoni mwa ghala za taifa, ni muhimu kuelewa mavuno yamekuwa yakielekea wapi kwa miaka mingi, na kwa nini.

Mwaka mmoja hauonyeshi mwelekeo

Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 2022 Kenya ilivuna magunia milioni 34.3 ya kilo 90. Mwaka 2023 mavuno yalifika magunia milioni 47.6, ongezeko la karibu asilimia 39. Anayetazama miaka hiyo miwili pekee atasema kilimo kimepiga hatua kubwa mno.

Hata hivyo, mwaka 2022 ulikuwa mgumu. Ukame uliokuwa umeanza mwishoni mwa 2020 ulikuwa bado unaendelea, na bei ya mbolea sokoni ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mwaka uliofuata mvua ilirejea, na mbolea ya ruzuku ikauzwa kwa shilingi 3,500, kisha bei ikashushwa hadi 2,500 baadaye mwaka huo.

Sasa linganisha 2023 na mwaka mwingine wa mvua nzuri, 2018, ambapo magunia milioni 44.6 yalivunwa. Tofauti ni magunia milioni 3 tu katika miaka mitano. Funzo la kwanza ni hili: mwaka mzuri ulinganishwe na mwaka mzuri mwenzake, au uchukuliwe wastani wa miaka kadhaa.

Jumla imekua, fungu la kila mtu limepungua

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ilivuna takriban tani 940,000 za mahindi kwa mwaka, kulingana na makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Hayo ni magunia yapatayo milioni 10.4. Kufikia 2023, mavuno yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara nne.

Lakini walaji nao wameongezeka. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6, ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Ukigawa mavuno kwa watu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila Mkenya alikuwa na gunia moja na kidogo zaidi. Mwaka 2023, nchi ikiwa na watu zaidi ya milioni 51, gunia moja halikutimia kwa kila mtu, licha ya mavuno kuwa mengi. Mwaka 2022 fungu hilo lilikuwa karibu thuluthi mbili za gunia.

Ni kweli kwamba leo watu wengi hula pia mchele, chapati na mkate. Lakini sehemu kubwa ya ngano na mchele hutoka nje ya nchi, na mahindi yenyewe sasa yanagombaniwa na viwanda vya chakula cha mifugo. Ndiyo maana msimu mmoja ukiharibika, bei ya unga hupanda upesi.

Ekari zimeongezeka kuliko magunia kwa ekari

Mavuno huongezeka kwa njia mbili: kulima eneo kubwa zaidi, au kupata zaidi kutoka eneo lile lile. Kenya imetegemea zaidi njia ya kwanza. Eneo la mahindi limepanuka kutoka takriban hekta 750,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya hekta milioni 2. Wastani wa mavuno kwa ekari, kwa upande wake, umetoka magunia kati ya 5 na 6 hadi magunia kati ya 7 na 8.

Safari ya kuongeza mavuno kwa ekari ilianzia hapa nyumbani. Utafiti wa mbegu mjini Kitale ulianza mwaka 1955, na mwaka 1964 mbegu chotara ya kwanza nchini, H611, ikatolewa kwa wakulima. Mavuno kwa ekari yalipanda hadi miaka ya 1980, kisha yakakwama.

Sababu ni kadhaa. Mahindi yalienea hadi maeneo yenye mvua haba, na hivyo kuushusha wastani wa taifa. Mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi. Udongo katika sehemu nyingi zinazolimwa mahindi mwaka baada ya mwaka umekuwa na asidi nyingi. Ugonjwa wa MLND uligunduliwa Bomet mwaka 2011, na viwavijeshi vamizi wakaingia nchini mwaka 2017.

Trans Nzoia kwa kawaida hupata zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Hata hivyo, mbegu chotara za nyanda za juu zinaweza kutoa zaidi ya magunia 30 kwa ekari zikitunzwa vyema. Kwa kuwa hakuna ardhi mpya ya kupanua, pengo hilo ndilo shamba jipya lililobaki.

Mambo ambayo mkulima anaweza kufanya

1. Pima udongo kabla ya msimu. Ukipatikana na asidi nyingi, weka chokaa ya shamba. Bila hivyo, sehemu ya fedha za mbolea hupotea.

2. Nunua mbegu mpya iliyoidhinishwa kila msimu. Mbegu chotara ikirudiwa hupoteza nguvu.

3. Badilisha mazao. Maharagwe, viazi au mboga msimu mmoja huukata mzunguko wa MLND na kuupumzisha udongo.

4. Kausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuyahifadhi. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika eneo la Mashariki.

5. Weka rekodi. Andika ekari ulizolima, magunia uliyovuna na gharama uliyotumia. Gawa magunia kwa ekari, kisha linganisha miaka mitatu au minne.

Rekodi hiyo ndogo ni takwimu kamili. Mkulima aliyevuna magunia 40 katika ekari 2 amemzidi aliyevuna 60 katika ekari 4, ingawa gari la pili lilijaa zaidi. Wakazi wanahimizwa kufika na rekodi zao kwa maafisa wa ugani katika ofisi za kilimo za wadi kabla ya mvua ya Machi, ili ushauri watakaopewa ulingane na shamba lao.